Miaka Kumi ya Dokta Pole

Jumatatu, 3 Machi

Goti lilialika: ta. Sauti ndogo, kama kijiti kikavu kinachovunjwa. Miaka ishirini imepita na bado naisikia. Nilikuwa na miaka sita, nimekalishwa kwenye kitanda cha daktari, kifua kimenibana kama mlango uliovimba kwa mvua. Yule daktari hakuniinamia kama watu wazima wote. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Ta. Nikasahau kulia. Akasema nisiogope, aliyevunjika ni yeye.

Kisha akanipa daftari la shule na penseli, akanipa na kazi: kila asubuhi nihesabu navuta pumzi ngapi kwa dakika, niandike. Niliandika miaka minne. Pumu ilinichoka ikaondoka. Kuhesabu hakukuondoka, na kuandika ndiko huku.

Leo sauti ile imenirudia kazini. Mkuu wa kitengo chetu cha takwimu, mama mwenye miwani ya aina mbili, ya kusomea na ya kututazamia, amenikabidhi kazi yangu ya kwanza ya maana tangu niajiriwe na Mpango wa Afya ya Umma: kuchanganua umri wa madaktari wa familia wa kanda yetu, wote mia mbili na kumi na wanne. Miezi minane nimekuwa nikihesabu viti vya vyumba vya kusubiria. Nilishukuru kwa bidii mpaka nikajikwaa kwenye waya wa printa.

Saa nane mchana chati ilikuwa tayari. Walio chini ya miaka thelathini: tisa. Wenye sitini na kitu: sabini na mmoja. Waliotimiza sabini na zaidi: ishirini na mmoja. Jirani yangu wa meza, tunayemwita Bwana Rula kwa sababu hupiga mstari hata chini ya jina lake mwenyewe, alichungulia akasema chati yangu ni mtu mwenye kichwa kikubwa na miguu ya kuku. Nikamjibu kwamba miguu hiyo ndiyo itakayotubeba sote uzeeni. Hakucheka. Alinionyesha kuwa safu yangu ya tatu haijanyooka.

Nikashuka mpaka wale ishirini na mmoja. Wa kumi na saba ni yeye. Daktari wangu, daktari wa Bibi, daktari wa mtaa mzima. Dokta Pole tunamwita, kwa kuwa humpa pole mgonjwa, humpa pole aliyemsindikiza, na nimemsikia akiupa pole mlango unaokwama. Umri: sabini na mitatu.

Sikuwahi kufikiri kwamba ana umri. Mlima nao una umri, lakini nani anauliza?

Saa tisa ukaletwa waraka kutoka juu. Kichwa cha habari kwa herufi nzito: MADAKTARI WALIOTIMIZA MIAKA SABINI: HATUA ZA KUCHUKULIWA MARA MOJA. Majina yao yanatakiwa Ijumaa. Moyo ulinijaa kooni. Sikuhitaji kusoma zaidi. Niliukunja nikaufungia kwenye droo.

Jumanne, 4 Machi

Sikumwambia Bibi kitu. Ana presha, na presha yake ina adabu mbele ya mtu mmoja tu. Mwaka juzi Dokta Pole alipokuwa likizo, Bibi alipelekwa kwa daktari mwingine. Alipandisha vipimo mpaka nesi akaita wenzake waje kuona. Dokta Pole aliporudi, vikashuka kabla hajaufunga mkanda mkononi. Wakimtoa Dokta Pole, watakuwa wamemtoa na Bibi. Ni hesabu rahisi.

Asubuhi nzima nilijihoji. Mimi ni mtu wa takwimu. Takwimu ni amana. Niliapa siku ya kuajiriwa, nimesimama, mkono kifuani. Lakini takwimu pia ni watu, na huyu ni mtu aliyenifundisha kuhesabu.

Mchana Bwana Rula alikwenda kula na rula yake (hula peke yao). Nikafungua daftari la madaktari kwenye kompyuta. Saba nikaifuta, sita nikaiweka. Sabini na mitatu ikawa sitini na mitatu. Kazi ya vidole viwili.

Watu hushukuru kwa maneno. Mimi nimemshukuru kwa miaka kumi.

Baadaye nilikunywa chai nikijiona kama mtu aliyemvuta mtoto kutoka katikati ya barabara. Ni hisia nzuri. Nawashangaa wanaoshinda wakiisemea vibaya jinai.

Alhamisi, 6 Machi

Njia ya mwongo fupi, lakini sikudhani ni fupi hivi.

Kwenye kikao cha asubuhi Bwana Rula alinyanyua mkono. Anasema amelinganisha safu ya umri na safu ya mwaka wa kuhitimu (nani alimwomba?), na amegundua daktari aliyehitimu udaktari akiwa na miaka kumi na sita. Chumba kizima kikacheka. Karani wa mafaili akauliza kama alikuwa akiwatibu wagonjwa kwenye mapumziko ya shule. Mtu akasema sindano alikuwa akishikiwa na mama yake.

Mimi nilicheka kuliko wote. Jasho lilinitoka mpaka nyuma ya magoti.

Mkuu alivua miwani ya kusomea, akavaa ile nyingine. Akasema kama ni kweli, basi ni jambo la kujivunia, na mtoto mwenye kipaji cha namna hiyo atapewa ukurasa wake kwenye ripoti ya mwaka, na picha. Akamtuma Bwana Rula athibitishe. Bwana Rula alipiga mstari chini ya neno "athibitishe".

Niliwahi kabla yake. Wenzangu walipokwenda chai nikausogeza na mwaka wa kuhitimu, miaka kumi hiyohiyo. Sasa kila kitu kimekaa sawa: amehitimu akiwa na ishirini na sita, kama binadamu. Bwana Rula alirudi, akaangalia kompyuta, akaangalia karatasi aliyokuwa amechapisha asubuhi, akaangalia tena kompyuta. Akafuta miwani yake.

Nilimwonea huruma, lakini si sana. Aliisema safu yangu ya tatu.

Ijumaa, 7 Machi

Majina yameondoka saa tano kamili. Ishirini.

Bibi ameniuliza mbona naimba. Nikamwambia nashukuru tu. Akasema mtu anayeshukuru bila sababu apimwe joto.

Jumatano, 12 Machi

Nilirudi nikamkuta Bibi amekaa mlangoni na viatu mguuni. Hajawahi. Alikuwa ametoka kliniki. Amekwenda saa mbili, ameonwa saa nane.

Anasema foleni imetoka chumba cha kusubiria, imepita korido, imeshuka ngazi, imefika kwenye geti, na imeanza kujadiliana na majirani. Watu hawajuani. Kila mmoja ana ujumbe kwenye simu kwamba kuanzia wiki hii daktari wake wa familia ni Dokta Pole. Sista wa mapokezi, ambaye yuko na Dokta Pole mwaka wa thelathini sasa na hana subira hata na saa ya ukutani, aliwatangazia kwamba kliniki ina benchi mbili na si uwanja wa mpira. Kisha akaigeukia kompyuta akaiita majina ambayo Bibi alikataa kunirudia; Bibi aliniambia, mke mwenza wangu, wewe bado hujaolewa, hayo si ya masikio yako.

Wagonjwa wapya mia sita. Nikajua papo hapo.

Ni kanuni, na mimi naijua kwa moyo. Daktari wa kawaida husajiliwa watu elfu moja na mia mbili. Akitimiza sabini, hupunguziwa nusu. Mashine imemwona Dokta Pole ana sitini na mitatu na watu mia sita tu. Ikadhani ametegea. Ikamjazia.

Nilimuuliza Bibi, yeye mwenyewe alisemaje. Bibi akasema alicheka. Alisema amesikia kwa kompyuta kwamba amekuwa kijana, habari njema sana, ila hakuna aliyeliambia goti lake. Kufika saa saba alikuwa akiwapima watu amekaa. Kwa mara ya kwanza hakusimama kumsindikiza Bibi mlangoni. Aliomba radhi kwa hilo.

Nilikwenda chumbani nikakaa sakafuni. Miaka kumi niliyompa, anaibeba mgongoni kama gunia.

Alhamisi, 13 Machi

Leo nimefungua droo nikausoma ule waraka. Una ukurasa wa pili.

Nimeunakili hapa ili uniume vizuri. Daktari aliyetimiza miaka sabini atapewa daktari kijana wa kufanya naye kazi bega kwa bega, amjue kila mgonjwa kwa sura. Daktari mkongwe ataendelea siku tatu kwa wiki, kwa muda wowote atakaopenda mwenyewe. "Hatua za kuchukuliwa mara moja" ndizo hizo. Madaktari vijana wametengwa ishirini na mmoja. Atakayekosa mahali ifikapo Ijumaa ya tarehe 21 atapangiwa kanda nyingine.

Ishirini na mmoja. Nimepeleka majina ishirini.

Nina shahada. Niliandika tasnifu ya kurasa mia na arobaini, na niliudhika msimamizi wangu aliposoma thelathini tu.

Ijumaa, 14 Machi

Mtu mwingine angeungama. Mimi nina mpango.

Mpango ni kumzeesha kimyakimya. Lakini daftari limefungwa tangu majina yaondoke. Mashine hairuhusu kugusa umri bila nakala ya cheti cha kuzaliwa. Basi nikaomba ruhusa nusu siku, nikaenda kliniki na kikohozi.

Nilikaa saa tatu na nusu kwenye foleni. Niliwahesabu: sabini na wanane mbele yangu. Mama mmoja alikuwa amebeba mtoto na kiti chake mwenyewe. Fundi wa redio aliniambia daktari wake wa zamani ni mwanamke wa miaka arobaini, yuko mtaa wa pili kutoka kwake, hana neno naye, hajui kwa nini wamemhamisha. Nikamwambia pengine ni hitilafu. Akasema hitilafu gani isiyo na mwenyewe? Nilikohoa.

Dokta Pole alinipokea kama vile mimi ndiye mgonjwa wa kwanza wa siku. Alinipa pole. Alisikiliza kifua mbele, akasikiliza nyuma, kisha akafanya nilichokuwa nakiomba asifanye: akachuchumaa. Ta. Ilikuwa si kijiti tena. Ilikuwa tawi. Akashika ukingo wa meza ili arudi juu.

Akasema tuhesabu pumzi, kama zamani. Tukahesabu. Kumi na nane. Akasema kifua changu kizima, kinachonibana kiko kwingine.

Nikauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza hali ya hewa, eti Dokta ulizaliwa lini. Akasema swali hilo kwenye chumba hiki huuliza yeye. Kisha akanijibu hivyohivyo. Alizaliwa nyumbani, cheti hana. Tarehe yake alipewa na mwalimu wa darasa la kwanza aliyechoka kusubiri. Alipoanza kazi alikula kiapo cha kuzaliwa mbele ya hakimu, na karatasi hiyo iko masjala ya Mpango, kama panya hawajaisoma.

Halafu akaniuliza, kwa kuwa nafanya kazi hukohuko, kama nimesikia lolote kuhusu madaktari vijana. Ameuandikia Mpango barua tatu akiomba mmoja. Akafungua mlango wa chumba cha nyuma anionyeshe. Lile ghala la maboksi halipo tena. Pamepakwa rangi nyeupe. Pana meza, kiti kipya kingali na nailoni yake, na ndoano mbili za koti ukutani. Akasema ya juu ni ya kijana, yeye mkono wake siku hizi haufiki.

Sista alinipa dawa ya kikohozi. Nimeinywa. Nimeona ndiyo haki yangu.

Jumatatu, 17 Machi

Masjala iko chini ya ngazi. Mzee wa Masjala amekaa pale tangu kabla ya kompyuta, na huziongelea kompyuta kama wageni wanaokaribia kuaga. Nilimwomba faili la Dokta Pole. Akanyanyua kikombe chake cha chai, akachomoa daftari la kuazimia lililokuwa chini yake, akasoma mstari kwa kidole. Faili limeazimwa. Na nani? Na yule kijana mnyoofu.

Bwana Rula.

Nilimkuta mezani kwake, faili limefunguka mbele yake na kiapo kiko juu, cha rangi ya chai. Nilitayarisha uongo wa aina tatu nikiwa njiani. Sikupata nafasi ya kuutumia hata mmoja. Alinitazama kwa macho mekundu akaniomba nifunge mlango.

Anasema amefanya kosa baya. Alhamisi ile aliona miaka kumi na sita, baada ya chai akaona ishirini na sita, na tangu siku ile haamini macho yake. Amelitafuta faili wiki nzima. Kiapo kinasema daktari ana sabini na mitatu. Maana yake mtu alibonyeza vibaya wakati wa kulinganisha safu, na aliyekuwa akilinganisha safu ni yeye. Watu mia sita wamehamishwa, mzee wa watu anateseka, kwa ajili ya kidole chake. Ameshaandika barua ya kujieleza. Anaipeleka kwa Mkuu kesho. Aliniomba niisome kwanza kama ina makosa ya sarufi.

Niliisoma. Haikuwa na kosa. Kila aya imenyooka kama yeye.

Nilirudi mezani kwangu. Naandika yaliyopita kichwani kwa utaratibu wake. La kwanza: wokovu. La pili: angalau hatafukuzwa, ana familia yenye heshima, ataonywa tu. La tatu lilikuwa la aibu na silikumbuki, yaani nalikumbuka. Saa kumi kasorobo nikamwona anapiga mstari chini ya neno "nakiri", taratibu, ulimi umemtoka kidogo pembeni.

Nikaenda kwa Mkuu kabla sijafikiri. Ndiyo njia pekee ninayoijua ya kufanya jambo jema.

Jumanne, 18 Machi

Jana mkono haukuweza kuandika yaliyobaki.

Nilimweleza Mkuu yote, nimesimama. Saba, sita, mwaka wa kuhitimu, droo. Nilimweleza na goti, ingawa hakuuliza. Nilimweleza daftari la pumzi. Alibadilisha miwani mara nne, mwishoni akakaa bila yoyote, na hapo niliogopa zaidi.

Akauliza jambo moja. Ukurasa wa pili hukuuona?

Nikasema moyo ulinijaa.

Akasema moyo ujae, lakini mkono unaweza kugeuza karatasi wakati moyo unajaa. Viungo ni viwili tofauti. Akasema ningekuwa nimeiba angejua la kunifanya. Lakini kushukuru kwa kuharibu, hiyo haimo kwenye kanuni za utumishi, atalazimika kuitungia kifungu.

Amekitunga. Kuanzia leo umri wa daktari yeyote haubadilishwi kwa cheti tena, bali kwa fomu yenye sahihi mbili. Nimepewa barua ya onyo, ya haki kabisa, na sitaipinga. Na nitawapigia simu watu wote mia sita, mmojammoja, niwaombe radhi na kuwarudisha kwa madaktari wao.

Kuhusu daktari kijana wa ishirini na mmoja alipiga simu mbele yangu. Nilisikia upande mmoja tu. Bado yupo? Hajapangiwa? Basi mzuie hapo hapo. Ndiyo. Hapana, si mashine. Ni mfanyakazi wangu mmoja, msomi.

Nililia kwenye ngazi za masjala. Mzee wa Masjala alinisogezea kikombe chake.

Jumatatu, 24 Machi

Simu mia tatu na tano hadi leo. Zilizobaki amezichukua Bwana Rula. Sikumwomba. Alikuja na karatasi iliyogawanywa katikati kwa mstari, upande wake na wangu, akasema bila kunitazama kwamba wiki nzima alijiona kichaa, na kujua kwamba si kichaa ni jambo linalostahili simu mia mbili na tisini na tano. Nilimwambia nashukuru. Akasema safu yangu ya tatu, kwa kweli, haikuwa imepinda sana.

Watu ni wema kuliko nilivyowahesabu. Fundi wa redio alinitambua sauti: wewe si yule mwenye kikohozi? Nikasema ndiye, na hitilafu ile imepata mwenyewe. Akacheka mpaka redio nyuma yake ikabadilisha stesheni. Bibi mmoja alikataa kuhama. Ameonwa na Dokta Pole mara moja tu na amepewa pole ambayo hajapewa tangu azikwe mumewe. Nikamwacha. Nimemwandika mia sita na moja, nje ya safu.

Alhamisi, 27 Machi

Daktari kijana ameanza kazi. Ni mwanamke, mrefu, ana miaka ishirini na tisa na kicheko cha ghafla. Koti lake liko ndoano ya juu.

Nilimpeleka Bibi mwenyewe. Bibi alimtazama juu mpaka chini akamuuliza kama mama yake anajua yuko wapi. Daktari akasema anajua, na amemtumia salamu. Akachuchumaa mbele ya Bibi kama alivyofundishwa na mwenye chumba. Kimya. Bibi akasubiri. Kimya. Bibi akanigeukia akasema, huyu bado mbichi, goti halijaanza hata kuongea. Lakini presha ilipopimwa ilikuwa imetulia, na Bibi akadai mkanda umekosea.

Nilipotoka Dokta Pole alikuwa kwenye benchi ya wagonjwa, juani, miguu ameinyoosha. Siku yake ya mapumziko, amekuja tu kutazama. Akapigapiga benchi kwa kiganja ili nikae. Tulikaa. Sikujua Mkuu amemwambia nini, na sikuuliza.

Akasema: "Ahsante kwa ile miaka kumi, mwanangu. Nimeirudisha kwa sababu ilikuwa inanibana mabegani."

Nikahesabu pumzi. Ishirini na sita.

Akasema mtu huvaa umri wake mwenyewe kama viatu, vya mwingine hata viwe vipya vitamchubua. Basi nisiguse tena viatu vya watu. Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, na naiandika ahadi hiyo hapa kwa wino.

Jumatatu, 31 Machi

Umeletwa waraka mpya. MADAKTARI WALIO CHINI YA MIAKA THELATHINI. Wanaweza kuhamishwa kwenda kituo chochote, wakati wowote, kwa taarifa ya mwezi mmoja. Daktari wetu anatimiza thelathini Novemba. Ni miezi minane karibu. Chumba kimepakwa rangi. Bibi ameanza kumpelekea machungwa. Dokta Pole juzi amesinzia juani kwa mara ya kwanza baada ya miaka arobaini na saba.

Sikukurupuka. Nimejifunza. Safari hii nimesoma ukurasa wa pili, mara mbili, kidole kwenye mstari. Hauna ubaya wowote.

Basi asubuhi hii nimempa miaka miwili tu. Thelathini na mmoja, umri mzuri, hauchubui. Nimekumbuka na mwaka wa kuhitimu. Nimezingatia na kifungu kipya: sahihi ya kwanza ni yangu, ya pili ya Mzee wa Masjala, ambaye hutia sahihi karatasi yoyote atakayoikuta chini ya kikombe chake. Fomu imeondoka saa nne.

Sasa ni saa tano. Nimeunyanyua waraka niufungie kwenye droo, na naona pini imeshika karatasi tatu.